Simu ya Tatu Kwenye Orodha

Kila siku ya shule, saa kumi na nusu alasiri, Reine Bisimwa aliingia nyumbani kwao Kasubi, jijini Kampala, akavua viatu mlangoni, akatundika begi lake kwenye msumari na kwenda moja kwa moja chumbani kwa bibi yake. Wote pale nyumbani walimwita bibi huyo Koko, kama Wakongo wengi wanavyowaita bibi zao. Koko alikuwa kitandani, mguu wake wa kulia umefungwa plasta ngumu kutoka kwenye paja hadi kwenye vidole. Wiki tano zilizopita aliteleza kwenye matope ya soko la Kalerwe akiwa na kapu la sombe, majani ya muhogo, kichwani, akavunjika mfupa wa muundi. Daktari alimwambia asikanyage chini mpaka atakapoambiwa.

Reine alimpa uji, akamwekea mto vizuri mgongoni, akamsimulia mambo ya darasani. Baada ya hapo alifanya kazi ambayo baba yake alimwachia yeye peke yake: kufuta vumbi kwenye seva na kuizima kidogo, kisha kuiwasha upya.

Seva ile ilikuwa kompyuta ya zamani isiyo na kioo. Ilikaa chini ya meza ya sebuleni, ikinguruma taratibu mchana kutwa. Baba yake, ambaye Reine alimwita Papa, alikuwa mpiga video mwenye kibanda Wandegeya, katikati ya maduka yanayochapa kazi za wanafunzi wa chuo kikuu. Kila alichorekodi, iwe harusi, ubatizo au kwaya, alikihifadhi kwenye seva hiyo. Kutoka hapo video zilifika bila waya kwenye televisheni au kwenye simu ya mtu wa nyumbani, ili mradi simu iwe na programu ya kuzipokea. Papa alikuwa ameifungulia seva njia ya intaneti pia, ili akiwa kibandani aweze kuwaonyesha wateja kazi zao.

Shida ilianzia kwenye programu. Simu iliyoachwa nyumbani kwa ajili ya Koko ilikuwa kuukuu, kona moja imepasuka. Asubuhi moja programu waliyoizoea ilijipakua upya, na kuanzia hapo ikakataa kufunguka. Maandishi madogo kwenye kioo yalisema kwamba simu hiyo ni ya zamani mno.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo. Kwa Koko halikuwa dogo. Kwa miaka tisa alikuwa ameimba katika kwaya ya kanisa lao, kwaya ya watu mchanganyiko: Wakongo waliokimbia vita mashariki mwa nchi yao, na familia za askari na polisi waliotoka kaskazini mwa Uganda. Kila mmoja alikuwa na lugha yake ya nyumbani, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mwezi mmoja kabla Koko hajaanguka, Papa aliirekodi kwaya hiyo nyimbo kumi na mbili, na wimbo wa saba Koko ndiye aliyeuongoza. Nyimbo zilikuwa zinangoja kusafishwa na kuzinduliwa kanisani. Papa alichelewa kuziweka kwenye seva mpaka simu ikawa imeshakataa, kwa hiyo Koko hakuwahi kuusikia wimbo wake hata mara moja. Televisheni ilikuwa sebuleni, naye hakuweza kufika sebuleni.

Reine alimwambia Papa kuhusu simu. Papa alisema atatafuta programu nyingine Jumapili. Jumapili ilifika na harusi ya watu, Papa akaenda kazini. Jumapili ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu pia. Koko hakulalamika. Aligeuza tu uso ukutani na kusema kwamba yeye ni mzee, anaweza kusubiri.

Reine hakuwa mtoto wa kuambiwa asubiri mara nne. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwenye ripoti yake ya muhula mwalimu aliandika hivi: ana akili, ila ni mbishi. Papa alipoisoma alicheka akasema mwalimu huyo anamjua mtoto.

Jumatatu, shuleni, Reine alimsikia Arsène, jirani yao aliyesoma naye darasa moja, akijisifu kwamba anaangalia filamu zote za seva ya mjomba wake kwa programu ambayo haipatikani kwenye duka la programu lililomo ndani ya simu. Reine alimuuliza kama inakubali simu za zamani. Arsène akasema inakubali hata simu iliyokanyagwa na lori, akamwandikia anwani ya kuipakua kwenye kipande cha karatasi.

Alasiri ile Reine aliipakua. Simu ilimwonya kwamba programu imetoka mahali pasipojulikana, akabonyeza Endelea. Programu ikaomba ruhusa ya kuona majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu, kisha picha, kisha ujumbe. Kwa nini programu ya kuonyesha video itake kusoma ujumbe? Reine alijiuliza hivyo, lakini hakungoja apate jibu. Alibonyeza Kubali, akabonyeza tena, na tena. Mwisho programu ikataka jina na nenosiri la seva. Hayo yalikuwa yameandikwa kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi aliyoibandika Papa ubavuni mwa mashine. Reine alijua kwamba yale hayakuwa maneno ya kuangalia tu. Mwenye nenosiri lile angeweza kuona, kunakili na kufuta kila kitu kilichomo. Papa alishamwambia asilitoe kwa mtu yeyote. Sijampa mtu, alijiambia Reine, nimeipa programu. Akaandika.

Nyimbo kumi na mbili zikajipanga kwenye kioo. Reine aliipeleka simu kitandani akabonyeza wimbo wa saba.

Koko alisikiliza sauti yake mwenyewe akiwa amefumba macho. Wimbo ulipoisha aliomba urudiwe. Mara ya tatu alianza kuimba pamoja nao, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti kamili, vidole vyake vikipiga mdundo kwenye plasta. Reine alimtazama na moyo wake ukajaa. Alijiona ameshinda. Watu wazima walishindwa kwa Jumapili tatu, yeye ameweza kwa nusu saa.

Papa aliporudi jioni na kumkuta mama yake anacheka, aliuliza simu imeponaje. Reine alijibu bila kupepesa macho kwamba imejirekebisha yenyewe. Papa alikuwa amechoka, akafurahi kwamba kazi moja imempungukia, akaenda kuoga.

Uongo ule ulikaa vizuri kwa siku nne. Siku ya tano, akiwa anaiwasha upya seva, Reine alifungua ukurasa unaoonyesha vifaa vilivyounganishwa. Papa alikuwa amemfundisha kuuangalia. Kila siku orodha ilikuwa na simu mbili, ya Papa na ya Koko. Safari hii zilikuwa tatu. Simu ya tatu ilikuwa na jina refu la herufi na namba ambalo hakuwahi kuliona. Alijiambia labda ni Arsène anamfanyia mzaha, ingawa alijua vizuri kwamba Arsène hakuwa na nenosiri lao. Aliufunga ukurasa, na tangu siku hiyo hakuufungua tena. Ukiuliza kitu unajibiwa, naye hakutaka kujibiwa.

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, mlango uligongwa. Alikuwa Mama Joska, kiongozi wa kwaya, mwanamke mrefu wa Kiacholi, kutoka kaskazini, ambaye mumewe alistaafu upolisi. Nyuma yake alisimama Afande Abwola, koplo wa polisi aliyeimba sauti ya kwanza, na ambaye kazi yake huko polisi ilikuwa ya kompyuta. Siku hiyo hakuvaa sare, lakini alisimama kama amevaa.

Papa aliwakaribisha viti. Mama Joska hakukaa.

"Mzee Bisimwa," alisema, "nimekuja kwako kwanza kwa sababu sitaki kuyaamini maneno ya watu kabla sijasikia yako. Nyimbo zetu zinauzwa Kalerwe. Wewe ndiye uliyezipeleka?"

Papa hakuelewa. Mama Joska akamweleza. Asubuhi alikuwa ananunua nyanya, karibu na kijana anayewajazia watu nyimbo kwenye kadi za simu. Spika ya kijana yule ilikuwa inapiga wimbo wa kwaya yao. Si hivyo tu: kabla ya wimbo alisikia sauti yake mwenyewe ikihesabu moja, mbili, tatu, kisha ikiwakemea wanaume waamke. Maneno yale yalisemwa siku ya kurekodi na yalikuwa yaondolewe wakati wa kusafisha. Yalibaki kwenye nakala moja tu, ile ambayo haijakamilika.

"Nakala hiyo nani mwingine alikuwa nayo?" aliuliza Mama Joska.

"Hakuna," alisema Papa. "Ninayo mimi tu."

Mama Joska akasema kwamba habari zimeshaenea kwa wanakwaya. Wengi hawataki Bisimwa awarekodi tena. Uzinduzi wenyewe haujulikani kama utakuwepo. Na mmoja wao, Mzee Olal, alisema kwamba hii ndiyo faida ya kuwaamini wageni. Yeye Joska alimkatalia, lakini alipoulizwa basi nyimbo zimetokaje, aliamua kuja kumuuliza Bisimwa mwenyewe.

Reine alisikia kila neno. Alikuwa chumbani kwa Koko, simu mkononi. Kidole chake kilisimama juu ya picha ndogo ya ile programu. Angeweza kuiondoa pale pale, na hakuna ambaye angejua. Papa angebaki mtu aliyeuza nyimbo za kanisa, na yeye angebaki mjukuu mzuri aliyemletea bibi yake nyimbo. Koko alimtazama. Akamuuliza kuna nini.

Reine aliinuka akaenda sebuleni.

"Papa hakuuza kitu," alisema. "Ni mimi."

Papa aligeuka. Alidhani mtoto anataka kumtetea tu. Alimwambia kwa upole arudi kwa Koko, haya ni mazungumzo ya watu wazima.

"Sirudi," alisema Reine.

Neno hilo hakuwahi kumwambia baba yake mbele ya wageni. Reine aliinyoosha simu mbele ya Afande Abwola. Akasema yote: anwani aliyopewa shuleni, onyo alilolipita, ruhusa alizozikubali, nenosiri la Papa, uongo aliomdanganya, na simu ya tatu aliyoiona kwenye orodha akanyamaza. Hakuinamisha kichwa.

Afande Abwola aliichukua simu akaiangalia kwa muda mrefu. Akaomba kuuona ule ukurasa wa vifaa. Sasa simu ngeni zilikuwa mbili. Akaenda kwenye kumbukumbu za seva, akaonyesha kwa kidole kwamba Alhamisi saa nne asubuhi, Papa akiwa Wandegeya na Reine akiwa darasani, mtu alinakili folda nzima ya kwaya.

"Programu hii inaonyesha video kweli, na ndiyo maana watu wanaiamini," alisema. "Lakini ulipoandika nenosiri, inavyoonekana lilikwenda sehemu mbili. Lilikwenda kwenye seva yenu, na likaenda kwa walioitengeneza. Baada ya hapo hawakuhitaji kuvunja chochote. Waliingia mlangoni kwa ufunguo wa baba yako."

Papa alikaa. Uso wake, uliokuwa na aibu, sasa ulikuwa na hasira. Alisema kwamba seva ataizima leo na kuitoa humo ndani, na simu Reine hataigusa tena mpaka amalize shule. Alisema haya ndiyo malipo ya kumfundisha mtoto mambo makubwa. Aliyasema kwa sauti ya chini, ambayo kwa Papa ilikuwa mbaya kuliko kupiga kelele.

Reine angeweza kunyamaza hapo. Mtoto mwingine angenyamaza, na labda ingekuwa salama zaidi.

"Papa, nimekosa," alisema. "Nimekosa kutoa nenosiri, na nimekosa zaidi kukudanganya. Niadhibu kwa hayo. Lakini sikukosa kutaka Koko asikie wimbo wake, na kwa hilo siombi msamaha. Nilikwambia, ukasema Jumapili. Zimepita Jumapili tatu. Na ile karatasi ya nenosiri uliibandika mwenyewe, hapo hapo, kila mtu anayeingia anaiona."

Mama Joska alimtazama Papa. Papa alitazama karatasi. Ilikuwa pale, kalamu nyeusi, herufi kubwa. Kutoka chumbani sauti ya Koko ilisema kwamba mtoto amesema kweli, na kwamba kama seva inatolewa nje, basi na yeye wambebe na kitanda chake wamtoe.

Papa alipitisha mkono usoni. Kisha akapiga magoti chini ya meza, akaibandua ile karatasi na kuichana. Akamuuliza Afande Abwola wafanye nini.

Kwanza, alisema Afande, chomoa waya wa intaneti. Papa akauchomoa, na simu zile ngeni zikatoweka kwenye orodha. Lakini kutoweka hakukutosha, kwani wenye nenosiri wangerudi wakati wowote waya ukirudishwa. Kwa hiyo Afande alimkalisha Reine mbele ya kompyuta ndogo ya Papa, akasema yeye ndiye aliyefungua na yeye ndiye atakayefunga. Reine alifungua ukurasa wa kubadilisha nenosiri, Papa akaandika jipya mwenyewe bila kulionyesha. Akavifuta vifaa vyote, hata vya nyumbani, ili kila kimoja kianze upya kama mgeni. Akaiziba njia ya intaneti, seva ibaki ya nyumbani tu. Papa atawaonyesha wateja kazi zao kwa njia nyingine. Simu ya Koko ikarudishwa kama ilivyotoka dukani, kwa sababu programu ile ilikuwa imeshapewa ruhusa ya kusoma ujumbe, na hakuna aliyejua imesoma nini.

Kisha Afande akamfundisha jambo ambalo hata Papa hakulifanya kwa miaka yote ile: kufungua akaunti ndogo. Reine aliandika jina Koko. Kwenye ruhusa aliacha moja tu, kuangalia. Akaunti hiyo haikuweza kunakili wala kufuta. Hata nenosiri lake likiibwa, mwizi angepata kusikiliza nyimbo tu, tena mpaka aje akae ndani ya nyumba yao.

"Na programu?" aliuliza Reine. "Ile ya zamani bado inaikataa simu."

Papa alimkazia macho, lakini Afande Abwola alisema swali ni zuri. Programu za watu wengine si zote mbaya, alieleza. Nyingine zimetengenezwa na watu wenye moyo, tena vizuri kuliko ile ya waliotengeneza mfumo wa seva. Ila usiipokee kwa sababu rafiki anajisifu nayo. Alimwonyesha Reine namna ya kutafuta kwenye duka la programu la simu yenyewe, kusoma ni nani ameitengeneza na kwa muda gani, na watu wanalalamikia nini. Walipata moja ambayo watengenezaji wake wameuweka wazi ufundi wao wote, mjuzi yeyote aukague. Iliomba ruhusa moja tu, kutumia mtandao wa nyumbani. Reine aliisoma ile ruhusa kwa sauti, neno kwa neno, kisha akamgeukia Papa, akangoja. Papa akaitikia kwa kichwa. Ndipo alipobonyeza Kubali.

Kabla ya jioni Reine alikwenda kwa Arsène. Arsène alicheka, akasema yeye hajaibiwa chochote. Reine alisimama kwenye kizingiti chao na kukataa kuondoka mpaka Arsène alipomwita mjomba wake na kumweleza alitumia nenosiri la nani. Mjomba hakucheka.

Mama Joska na Afande walipitia Kalerwe. Kijana wa kadi hakuwa mwizi. Alizikuta nyimbo kwenye ukurasa mmoja wa intaneti kama alivyozikuta nyingine mia, na alipojua zimetoka wapi alizifuta mbele yao. Lakini ukurasa ule ulikuwa wa watu wasiojulikana, na tayari nyimbo zilikuwa kwenye simu za watu wengi. Hakuna aliyeweza kuzirudisha zote.

Jumapili, baada ya misa, kwaya ilikutana. Papa alivaa shati lake jeupe akasema atakwenda kueleza mwenyewe, Reine abaki nyumbani. Alisema hataki mtoto wake aaibike mbele ya watu thelathini. Reine alikwisha kuvaa viatu. Alisema kama aibu ni yake, aache aibebe yeye. Wakabishana mpaka barabarani, na mwisho wakaenda wote wawili.

Papa alipoanza kusema, Mzee Olal, mwanamume mwenye mvi aliyewahi kuwa askari, alinyoosha mkono. Aliuliza watajuaje kwamba hadithi ya mtoto haikutungwa nyumbani ili kumsafisha baba.

Reine alipita mbele ya Papa.

"Papa alinikataza kuja, nimekuja," alisema. "Mzee Olal, nimesikia ulisema ni kosa kuwaamini wageni. Mimi nimezaliwa hapa Kampala. Koko wangu ameimba nanyi miaka tisa. Aliyetoa nenosiri si wageni. Ni mimi, naitwa Reine. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi kwa jina langu, usiwakasirikie watu ambao hawakufanya kitu."

Afande Abwola akasimama, akathibitisha alichokiona kwenye seva kwa siku na saa. Mzee Olal alimtazama Reine kwa muda, kama mtu anayekagua gwaride. Kisha akatembea hadi kwa Papa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema lile neno la wageni lilikuwa lake na analirudisha. Kwa Reine alisema tu kwamba angekuwa askari wake, angemfunga siku tatu halafu angempandisha cheo. Watu wakacheka, na kifua cha Papa kikalegea.

Mama Joska hakuruhusu kicheko kidumu. Alisema nyimbo mbovu zimeshatoka, kwa hiyo hawatasubiri wala kujificha. Bisimwa azisafishe wiki hii, na Jumapili ijayo wazizindue, ili anayetaka kusikia kwaya yao asikie ile halisi. Waliinua mikono, wote wakakubali. Aliomba pia wanaume wanne waje kumbeba Koko kwa kiti siku hiyo, daktari akiridhia, na Mzee Olal akawa wa kwanza kujitolea.

Reine na Papa walirudi kwa miguu, wakipanda kilima taratibu. Walipofika nusu ya njia Papa akasimama kando, pikipiki zikipita.

"Mwalimu wako aliandika kwamba wewe ni mbishi," alisema. "Sitaki ubishi huo uishe. Jana na leo umeninusuru nao. Lakini sikiliza, Reine. Siku ile ulipoipakua ile programu ulinibishia pia, ila ulinibishia nyuma ya mgongo wangu, halafu ukafunika kwa uongo. Mimi sikuweza kukujibu, kwa sababu sikujua kama tunabishana. Wezi waliingia katika ukimya huo. Ungenijia siku hiyo, ukasema Papa umechelewa na mimi sisubiri tena, ningekasirika, ndiyo. Lakini tungeitafuta pamoja. Kinachofungua nyumba yetu, au kazi ya watu waliotuamini, hakitolewi na mtu mmoja kwa siri, hata kwa nia njema. Na mimi nimejifunza langu: ufunguo haubandikwi ukutani, na mtoto hapewi Jumapili zisizofika. Kuanzia leo, ukiona nakosea, nipinge. Nipinge usoni."

Reine alisema amesikia. Wakaanza kutembea tena.

"Sasa adhabu," alisema Papa. "Mwezi mzima hushiki simu yoyote."

Reine alisimama katikati ya njia, akainua uso.

"Napinga," alisema. "Uongo ulikuwa mmoja, na nimeukiri mbele ya watu thelathini. Iwe wiki mbili, na simu ya Koko isihesabiwe, maana yeye hajui kuiwasha."

Papa alimtazama binti yake, mdomo umekazwa ili usicheke.

"Haya," alisema. "Twende, unaeleza sababu zako moja moja. Zikiwa nzuri, nitakubali. Zikiwa mbaya, unabaki na mwezi."

Reine akaanza kuzieleza, na alikuwa nazo nyingi.